Vidole vya Muuza Vitenge

Mimi nilikulia katikati ya vitambaa. Mama yangu anauza vitenge, au vikwembe kama tunavyoviita sisi, katika soko la Nyawera tangu kabla sijazaliwa, na nilipokuwa mchanga alinilaza kwenye rafu ya chini, kati ya marobota mawili, huku akibishana na wateja juu ya kichwa changu. Ndiyo maana sauti yangu ni kubwa. Ndiyo maana natembea haraka, bega moja mbele, kwa sababu sokoni ukitembea kwa madaha wapagazi wanakusukumia mtaroni na mizigo yao. Na ndiyo maana nina tabia moja ambayo nusura initenganishe na mume wangu kabla hajawa mume: nikikutana na mtu, vidole vyangu vinakwenda kwenye nguo yake. Gumba na kidole cha shahada vinashika upindo, vinausugua kidogo, na kabla sijamaliza kumsalimu mwenyewe nimeshajua amevaa nini. Wauza vitenge wote ninaowajua wanafanya hivyo. Rangi inadanganya, maandishi ya pembeni yanadanganya, na muuzaji wa jumla anadanganya kuliko vyote viwili.

Siku moja, nje ya kanisa baada ya misa, niliishika kanzu mpya ya padri wetu nikamwambia asiifue kwa maji ya moto, itapungua. Mama alinifinya ubavuni. Padri alicheka, akaenda kuifua anavyojua yeye, na Jumapili iliyofuata soksi zake zilionekana zote mbili mpaka juu. Nilizitazama tu.

Huyo mume wangu alikuja kwenye kibanda chetu asubuhi ya mvua, miwani imejaa ukungu, akitafuta kitenge cha kumpa mama yake kwa sikukuu ya mtakatifu somo wake. Alikuwa mtoto wa Muhumba, ule upande wa mji wenye miti na kuta ndefu, karibu na ziwa. Baba yake alifundisha chuo kikuu, mama yake alifanya kazi katika ofisi ya parokia, na yeye mwenyewe aliajiriwa na shirika la kupeleka maji vijijini. Hayo niliyajua baadaye. Nilichojua dakika ile ni mkono wa shati lake, maana nilikuwa nimeshaushika.

"Hii shati iko pamba ya kweli," nikamwambia. "Nani alikuchagulia?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi uko na macho. Kuya huku, nikuonyeshe vikwembe ya batu bako na macho."

Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. Akanunua, akaondoka, akarudi wiki iliyofuata kununua kingine, halafu kingine, mpaka mama yangu akaniuliza huyo mama wa Muhumba ana miili mingapi ya kuvalisha.

Nataka niseme ukweli wa mtu huyu kabla sijaanza kumsema vibaya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, baba alipofariki, kwa sababu kibanda kilihitaji watu wawili na mama alikuwa amebaki mmoja. Hakuna aliyenilazimisha na hakuna aliyenilaumu. Mambo yalikwenda hivyo. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza nitarudi lini. Hakusema kama nitarudi, alisema lini. Aliuliza kila mara, kwa ule utaratibu wake wa mtu asiyepandisha sauti, mpaka nikaona haya kukosa jibu, nikajiandikisha upya. Alinifundisha kompyuta kwenye mashine yake ya ofisini, alinisomea kurasa za masomo yangu huku mimi nikikunja vitenge, na leo kama ninafundisha historia katika shule ya sekondari na watoto wananiita madame, nusu ya kazi hiyo ni yake. Ninampa nusu hiyo bila kinyongo.

Nusu nyingine ndiyo tuliyogombania.

Ilianza siku aliponipeleka kwao, tulipokuwa tumeshakubaliana kuoana. Mama yake alitoka mlangoni amevaa gauni la rangi ya zambarau, linang'aa, zuri kwa mbali. Nilimpa mkono wa kuume, na mkono wa kushoto, ambao sikuutuma popote, ukaenda kwenye ukingo wa gauni.

"Maman, balikuuzia hii kama hariri?" nikauliza. Kwangu ilikuwa heshima. Sokoni mtu akikwambia ukweli wa nguo yako, anakujali.

Mama yake aliutazama mkono wangu, kisha akamtazama mwanawe. "Ilitoka Ulaya," akasema.

Tulikula. Walizungumza Kifaransa, mimi nikajibu kwa Kifaransa cha chuo, sauti yangu ikigonga vyombo kabatini. Nilipocheka, baba yake, mzee mpole, alishtuka akamwaga mchuzi. Wakati wa kunisindikiza, tukiwa tunapanda mlima kuelekea barabarani, mchumba wangu alinishika kiwiko.

"Doucement, chérie," akasema. "Polepole. Batu si bidhaa. Haiwezekane kubapima kama robota."

Sikukasirika. Niliaibika, na mtu aliyeaibika hujifunza haraka kuliko mtu aliyekasirika. Nilianza na sauti. Aliponiambia *doucement* niliishusha, na akiniambia tena niliishusha tena, mpaka nikafikia mahali ambapo muuza nyanya wa kibanda cha jirani aliinamisha sikio kunisikia. Halafu mwendo. Alinionyesha namna ya kutembea kando yake, hatua fupi, mgongo wima, bila kuwahi kokote. Halafu kicheko, ambacho nilijifunza kukifunika kwa kiganja. Niliacha kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Niliacha kujifunga kitenge kiunoni nikaanza kuvaa sketi. Na kwa vidole, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vigumu, alininunulia mkoba mdogo mweusi wenye mshipi mfupi. Hakusema ni wa nini. Lakini mkoba ule haukuning'inia begani, ulitaka kushikwa kwa mikono miwili, na mwenye mikono miwili kwenye mkoba hashiki gauni la mtu.

Msifikiri nililia. Nilifurahi! Siku moja nikishuka mjini nilimwona kwenye kioo cha duka la dawa mwanamke mmoja nadhifu, ametulia, mkoba mbele yake, na moyoni nikamwonea wivu kidogo. Kisha nikatambua ni mimi. Nilitembea hadi nyumbani nikijiona malkia.

Mama ndiye hakufurahi. "Wateja banauliza kama uko mugonjwa," alisema. "Unaongea kama mutu iko mu kanisa. Nani atanunua kikwembe kwa mutu anaungama?"

Nilimwambia wakati unabadilika. Alinijibu kwamba wakati unabadilika lakini sikio la mteja ni lile lile.

Kisha ikaja siku ya robota bovu. Muuzaji wa jumla alituletea mzigo wa vitenge vya wax, vile vya pamba halisi, na mama alikuwa kwa daktari wa meno. Nilipokea mimi. Nilisimama na mkoba wangu, nikatazama rangi, nikasoma maandishi ya pembeni kama msomi, nikasema asante. Mama aliporudi, shavu limevimba, aligusa kipande cha kwanza tu, kisha akakaa kwenye kigoda. Kilikuwa karatasi tupu, ndivyo tunavyoita kitenge bandia. Ukikiosha mara moja, rangi yote inabaki kwenye beseni.

"Vidole yako ulizipeleka wapi?" akaniuliza. Hakufoka, na ndicho kilichoniuma.

Jioni ile nilimweleza mchumba wangu. Nilitaka ashtuke pamoja nami. Yeye alinipiga mgongoni taratibu akasema si kitu, ni nguo tu, karibuni ningemaliza masomo na kibanda kingekuwa historia. Nilimtazama nikawaza: huyu mtu anampenda nani? Yule aliyemshika mkono wa shati asubuhi ya mvua, au yule wa kwenye kioo cha duka la dawa? Kama ni yule wa kwenye kioo, basi mimi nilikuwa njiani kuolewa kwa niaba ya mtu mwingine. Swali hilo nililibeba wiki zote za maandalizi ya mahari, na nililitoa siku ya mwisho tu, kwa shangazi yangu.

Kwetu siku ya mahari kuna mchezo. Familia ya bwana ikishakaa uwanjani, wasichana wanatolewa nyumbani wamefunikwa vitenge toka kichwani mpaka chini, wanapita mbele za wageni, kisha wanasimama. Bwana anaitwa aonyeshe wake. Akikosea, wakwe wanacheka na upande wake unaongeza kasha la soda. Waliofunikwa hawaruhusiwi kusema, na wengine hawaruhusiwi kuwasemesha. Mwishoni msemaji wa familia anamwuliza binti kama vinywaji vilivyoletwa vinywewe ama virudi vilikotoka, na jibu lake ndilo linalohesabika. Kila mtu anajua atasema vinywewe.

"Na mimi nikisema virudi?" nikamwuliza shangazi, tukiwa chumbani, siku yenyewe.

Shangazi, ambaye amewahi kuendesha harusi nyingi kuliko padri, aliacha kupiga pasi. "Juu ya nini urudishe?"

"Akikosa kunijua. Akikosa mara mbili, tantine, mimi sitaolewa naye. Sichezi."

Alinitazama, akaona sitanii. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Basi acha mukoba hapa," akaunyakua mkononi mwangu na kuutupa kitandani.

Tulikuwa watatu wa kufunikwa: mimi, binamu yangu, na nyanya yangu mzaa mama, aliyetoka Kavumu asubuhi ile na kukataa katakata kukaa kwenye kiti cha heshima. Alisema tangu aolewe hajafunikwa tena, na alitaka kuonja. Sote watatu ni wafupi. Shangazi alituvalisha ndara za aina moja ili miguu isitoe siri, akatufunika, akatupanga mlangoni. Binamu mbele, nyanya katikati, mimi nyuma.

Chini ya kitenge unaona ardhi tu na viatu vya watu. Nilisikia vigelegele vya mama zangu, nikasikia mvua ya mchana ikidondoka bado kutoka kwenye bati, na tukaanza kwenda. Nilikuwa nimeshaamua: nitatembea mwendo wangu wa Nyawera. Nilitupa bega mbele, nikachapua. Lakini miguu ilikuwa imezoea kufunzwa, ikajivuta kidogo, na nilipita pale uwanjani nusu muuzaji nusu madame, bila kujua mwenyewe ni yupi anayetembea. Mbele yangu nyanya alikwenda kwa zile hatua zake fupi za magoti mabovu, mgongo wima, bila kuwahi kokote.

Tukasimama. Viatu vya kahawia vilivyopigwa rangi vizuri vikaja mbele yetu. Nilivijua. Vilipita kwa binamu yangu, vikapita kwa nyanya, vikafika kwangu, vikatua. Kisha vikarudi nyuma.

"Ni huyu," nilisikia sauti yake, tulivu, yenye uhakika wote. "Huyu wa katikati."

Kitenge kikavuliwa. Nyanya yangu akasema kwa sauti ambayo ndiyo asili ya sauti zetu sote:

"Mukwe wangu, mimi ninakubali! Lakini kupanda mulima na maji, usinitume!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Upande wao walicheka, upande wetu walicheka, mtu mmoja alianguka na kiti. Mama wa mchumba wangu, aliyekuwa haonyeshi meno, nilimsikia akilia kwa kucheka. Mimi sikucheka. Mchumba wangu alikuwa ametafuta mwendo alionifundisha akaupata, na chini yake alikuwepo bibi kizee wa Kavumu. Machozi yalinilenga, na palepale chini ya kitenge nikaanza kutengeneza sentensi yangu: vinywaji virudi. Nilichomwambia shangazi kilikuwa kweli kabisa. Nilimpenda na ningemrudisha.

"Chagua tena," msemaji wetu akasema. "Na safari hii, papa, tumia akili."

Wakasubiri. Viatu vya kahawia havikusogea. Nilisikia kaka yake mkubwa akimnong'oneza achague mwembamba. Na katika kusubiri huko, hasira yangu yote ikakosa pa kwenda, ikashuka vidoleni. Mkoba haukuwepo. Vidole vilitoka nje ya ukingo, vikashika upindo wa kitenge nilichofunikwa, vikausugua.

Karatasi! Karatasi tupu! Shangazi alikuwa amenifunika, mimi, siku ya mahari yangu, kwa kitenge cha lile robota bovu lililotushinda kuuza. Damu ilinipanda. Nilisugua tena kuhakikisha, kwa nguvu, nikiwaza maneno nitakayomwambia.

"Acha," nikamsikia akimwambia kaka yake. "Angalia vidole."

Viatu vya kahawia vikaja, sasa si kwa adabu, vikikanyaga madimbwi. Vikasimama karibu sana na ndara zangu. Sikuvuliwa kitenge. Badala yake, pale chini nilipokuwa naona, ukaingia mkono wake, kiganja kimekunjwa, mkono wa koti jipya la suti umenyooshwa kwangu.

"Mu duka balisema hii iko sufu ya kweli," akasema. "Mimi sijui. Nijulishe."

Kelele zikainuka pande zote mbili. Hairuhusiwi! Asimsemeshe! Kasha lingine! Yeye hakuondoa mkono. Viatu vyake vilikuwa ndani ya dimbwi na hakuvitoa, na nikaelewa kwamba anaogopa. Alikuwa amejua kwamba si mchezo.

Gumba na kidole cha shahada vikaushika mkono wa koti. Vikajua mara moja. Neno *doucement* lilinipita kichwani, nililisikia vizuri, na nikaliacha lipite.

"Poliesta!" nikapiga kelele toka chini ya kitenge, sauti yangu yote, ile iliyolala miezi na miezi. "Poliesta mutupu, papa! Balikuibia muchana!"

Akanivua kitenge mwenyewe. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu tena. Aligeuka kuwaelekea watu, na mtoto wa Muhumba, ambaye hajawahi kumwita hata mbwa kwa sauti, akapaza sauti mpaka madirisha ya ng'ambo ya bonde yakafunguka.

"Ni huyu! Munasikia? Huyu ndiye muke wangu! Huyu!"

Msemaji wetu alingoja kelele zipungue, akajikohoza, akaniuliza swali la desturi. "Binti yetu, batu bameleta vinywaji. Tukunywe ao tubarudishie?"

Uwanja mzima watu walitabasamu, kila mmoja akijua jibu. Shangazi yangu peke yake hakutabasamu. Alikuwa amesimama mlangoni akinikazia macho. Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa bado umeshika koti lake, vidole vikisugua, na yeye hakuwa ameuondoa wala kuutazama kwa haya. Alikuwa ameusogeza karibu zaidi.

"Mukunywe!" nikasema, na nina hakika mama yangu angenisikia hata kama angekuwa kule Nyawera.